Yuda na Ndugu Zake

Kila mwaka tarehe 17 Desemba, Majilio yanapoingia katika siku zake za mwisho, Injili inayosomwa katika Misa ni aya 17 za kwanza za Mathayo, yaani ukoo wa Yesu Kristo tangu Abrahamu. Niliisikia Injili hiyo nikiwa msichana Rombo, nikaisikia nikiwa mwalimu, na sasa naisikia nikiwa bibi wa wajukuu na katibu wa jumuiya katika kijiji kimojawapo juu ya mji wa Moshi, na mara nyingi nimeona kwamba waamini huipokea kwa subira tu, wakingoja majina yaishe ili padre aanze kuhubiri. Majina ni zaidi ya 40, mengine hayatamkiki kwa urahisi, na ndani yake hamna muujiza, mfano wala amri. Hata hivyo sijaona kipande kingine cha Maandiko Matakatifu kilichoingia nyumbani mwetu na kubadili namna tunavyohesabiana undugu kuliko hicho, na ndiyo sababu ninaandika.

Ilianza na kazi niliyopewa na ukoo. Sisi watu wa mlimani, hata walioko Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, hupanda nyumbani Desemba, na ukoo nilioolewa ulikuwa umeamua kwamba siku chache baada ya Noeli padre aalikwe kuadhimisha Misa ya kuwaombea marehemu wote wa ukoo, hapo hapo kihambani, yaani katika shamba la migomba la ukoo, walikozikwa. Yalihitajika majina ya kutajwa katika nia za Misa. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo, alisema kikaoni, "Mwalimu ndiye ataandika, maana ana mwandiko na ana uvumilivu." Mimi si mzaliwa wa ukoo huo, nimeolewa tu, lakini wazee waliridhia. Majina yenyewe sitayataja hapa, kwa kuwa wenye majina hayo wana watoto na wajukuu ambao hawajaniruhusu kuyatangaza.

Orodha waliyonitajia wazee jioni ile ilikuwa imenyooka: baba, mwanawe, mwana wa mwanawe, hadi kufikia watoto wanaosoma sasa shule ya msingi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wala mtu aliyewahi kufanya jambo la aibu. Nilipoisoma kwa sauti ilikuwa na heshima yake, na kwa kuwa ilifuata mtindo ule ule wa "fulani akamzaa fulani", niliona nirudi kwa Mathayo mwenyewe nijifunze kwake namna Mkristo anavyoandika ukoo. Nilizitumia jioni nyingi za Majilio hayo nikiwa na Biblia, daftari, na maelezo ya Mababa wa Kanisa niliyoazimwa na padre mmoja, na kadiri nilivyosoma ndivyo ile orodha ya wazee ilivyozidi kunisumbua.

Jambo linaloonekana mapema ni kwamba Mathayo hakunakili kumbukumbu za ofisini. Amepanga vizazi katika mafungu matatu ya 14, kutoka Abrahamu hadi Daudi, kutoka Daudi hadi uhamisho wa Babeli, na kutoka uhamisho hadi Kristo. Na 14 ndiyo jumla ya herufi za jina la Daudi katika Kiebrania, ambako herufi hutumika pia kuhesabia, yaani 4, 6 na 4. Ili mpango huo utimie, kati ya Yoramu na Uzia amewaruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao habari zao zimeandikwa wazi katika vitabu vya Wafalme. Luka naye anakwenda upande mwingine: anaanza kwa Yesu aliyetoka kubatizwa, anapanda kizazi kwa kizazi, majina 77, hadi kwa Adamu na kwa Mungu mwenyewe, na humo baba yake Yosefu anaitwa Heli, wakati kwa Mathayo anaitwa Yakobo. Katika karne ya 3 mwandishi Mkristo Julius Africanus alieleza kwamba Yakobo na Heli walikuwa ndugu wa mama mmoja, kwamba mmoja wao alifariki bila mtoto, na mwenzake akamwoa mjane ili amwinulie ndugu yake uzao, kama Torati ilivyoagiza. Wazee wetu wa Kichagga, waliokua wakiona wajane wakirithiwa na ndugu wa marehemu, hawahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Na Mkatoliki hana sababu ya kuziogopa tofauti hizo, kwa kuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo wa Mungu, namba 12, unatufundisha kwamba ili tuelewe alichokusudia mwandishi mtakatifu ni lazima tuzingatie aina ya uandishi aliyoitumia. Mathayo anakiri imani kwa njia ya majina. Basi kila anapokatisha mfululizo wake ili aongeze neno, neno hilo amelitia kwa makusudi, na mimi nikaanza kuyatafuta maneno hayo ya nyongeza.

La kwanza liko katika aya ya pili. Abrahamu alimzaa Isaka, na Ishmaeli hatajwi. Isaka alimzaa Yakobo, na Esau hatajwi. Lakini Yakobo, anasema Mathayo, alimzaa "Yuda na ndugu zake". Yuda peke yake angetosha, kwa kuwa Daudi ametoka katika kabila lake, na wale ndugu 11 hawana kazi yoyote katika mstari huo wa kifalme. Walizaliwa na akina mama wanne: Lea ambaye mumewe hakumpenda, Raheli aliyependwa, na Bilha na Zilpa waliokuwa wajakazi. Walioneana wivu, wakamuuza mmoja wao, wakamdanganya baba yao kwa kanzu iliyochovywa damu. Bado wote wameingizwa katika ukoo wa Bwana kwa maneno matatu tu, watoto wa wajakazi pamoja na watoto wa Lea na wa Raheli, bila kutengwa. Na huyo Yuda mwenyewe ni mwana wa Lea, maana yake Masiha hakupita katika nyumba ya mke aliyependwa. Somo la kwanza la siku hiyo hiyo ya 17 Desemba linatoka Mwanzo sura ya 49, ambapo Yakobo anambariki Yuda, na mwishoni mwa sura hiyo mzee anaagiza azikwe katika pango walimozikwa baba zake, akisema kwamba humo ndimo alimomzika Lea. Raheli alikuwa amezikwa njiani, kuelekea Bethlehemu. Kwa mtu wa Kilimanjaro, anayejua uzito wa kuzikwa kihambani, maneno hayo ya Yakobo ni mazito sana.

Ndipo nilipomuuliza mama mkwe wangu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliobaki, kama yule mzee tunayemweka mwanzoni mwa orodha alikuwa na watoto wengine. Alinijibu, "Mwanangu, wewe andika walichokwambia." Baada ya siku kadhaa aliniita jikoni, akafunga mlango, akanieleza mwenyewe. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema mwaka 1890 na ya Kibosho mwaka 1893, mzee yule alikuwa bado kijana, na alipokuja kuomba ubatizo baadaye alikuwa na wake watatu. Sheria ya Kanisa ilimtaka abaki na mmoja. Alibaki na yule aliyekubali kufundishwa dini na kubatizwa pamoja naye, na kwa tumbo la mama huyo tumetoka sisi tuliomo katika orodha. Mke wa kwanza alirudi kwao Rombo na watoto wake wadogo. Wa tatu hakuwa na mtoto, na mama mkwe hakujua alikokwenda.

Nilikwenda kulitazama daftari la ubatizo. Limeandikwa kwa Kilatini, kwa mwandiko wa kizungu uliolala, na mzee yumo: tarehe, jina jipya, jina la baba yake lililoandikwa kwa tahajia ya mtu asiyejua Kichagga, msimamizi wake, na sahihi ya padre. Wake wawili hawamo, na wasingeweza kuwamo, kwa kuwa daftari hilo huandika waliobatizwa. Nilikaa mbele ya ukurasa ule nikisali kwa muda. Ninaamini kwa moyo wote kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja, na ninamshukuru Mungu kwa imani iliyofika mlimani kwetu. Na pia ninaamini kwamba mama yule aliyeshuka na kupanda mabonde hadi Rombo akiwa na mtoto mgongoni alidaiwa haki ambayo mumewe na ukoo wake hawakumlipa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, inamwagiza askofu ahakikishe kwamba wake walioachwa kwa sababu ya namna hiyo wanatunzwa kwa kadiri ya haki, upendo wa Kikristo na usawa. Nilifurahi kuikuta kanuni hiyo. Ingawa inakuja kwetu ikiwa imechelewa, inaonyesha wajibu ambao warithi wa yule mzee bado wanao.

Katika kikao kilichofuata nilisema kwamba nimeongeza nyumba ya Rombo. Sitaeleza kila kilichosemwa. Shemeji yangu hakukasirika, ila alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi: jina kwetu ni ardhi, na kumwandika mtu katika karatasi ya ukoo kunaweza kusomwa kesho kuwa ni kumgawia kihamba ambacho tayari hakiwatoshi waliopo. Maandiko yenyewe yanajua kwamba orodha ina nguvu. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, wako makuhani waliorudi kutoka Babeli, wakatafuta majina yao katika kumbukumbu za ukoo, wasiyaone, na kwa sababu hiyo wakaondolewa katika ukuhani. Nilimwambia shemeji kwamba ninaielewa hofu yake, na wazee wakakubaliana iandikwe katika muhtasari kwamba karatasi hii ni ya sala na si ya mipaka, na kwamba mambo ya ardhi yatabaki yalivyo hadi ukoo utakapoyajadili kwa njia zake.

Jina lililoleta ubishi mkubwa zaidi lilikuwa la mdogo wa baba mkwe wangu, aliyeuza sehemu ya kihamba kwa siri, akahama, akafia mbali, na ukoo ukaapa kwamba hatatajwa tena. Hapo nilisoma mbele yao habari za Yekonia. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anatamka juu ya mfalme huyo kwamba aandikwe kuwa mtu asiye na watoto, na kwamba hakuna mzao wake atakayekaa katika kiti cha Daudi. Ni hukumu ya Mungu, tena inayotumia neno hilo hilo la kuandika. Mathayo anaijua, na bado katika aya ya 11 anamwandika Yekonia, tena anarudia maneno yale ya mwanzo, "na ndugu zake", mahali pale pale panapotajwa uhamisho, yaani aibu kubwa kuliko zote za taifa lake. Kutoka kwa Yekonia anatoka Zerubabeli, ambaye Bwana, kwa kinywa cha nabii Hagai, anaahidi kumfanya kama pete ya muhuri, baada ya kusema kwa kinywa cha Yeremia kwamba hata kama Yekonia angekuwa pete katika mkono wake wa kuume angeing'oa. Mungu hakuifuta hukumu kana kwamba dhambi haikuwapo. Aliivusha nasaba ndani ya hukumu hadi upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa ameapa kwa sauti kubwa kuliko wote aliniomba nimwonyeshe mistari hiyo, akaisoma mwenyewe kwa miwani yake, kisha akasema, "Basi mwandike. Sala anaihitaji kuliko sisi."

Habari za wanawake hazikuleta ubishi kiasi hicho, pengine kwa sababu akina mama walikuwa wengi kikaoni. Mathayo anawataja watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Maria. Hakumtaja Sara wala Rebeka, ambao kila Myahudi angejivunia. Mtakatifu Yeronimo alifundisha kwamba waliotajwa ni wale ambao Maandiko yanaeleza mambo yao ya kutia haya, ili aliyekuja kwa ajili ya wakosefu azaliwe katika ukoo wa wakosefu na kuzifuta dhambi zao. Ninayaheshimu maelezo hayo, lakini nikimsoma Ruthu sioni dhambi kwake, na kwa Tamari ni Yuda mwenyewe anayetamka kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Ninachokiona zaidi ni kwamba walikuwa wageni au walionekana kuwa wageni: Mkanaani wa Yeriko, Mmoabu ambaye taifa lake Torati ililizuia kuingia katika kusanyiko la Bwana, mke wa Mhiti. Ukoo wa Kristo ulihifadhiwa na wanawake waliotoka nje, na kama mke niliyetoka Rombo sikuweza kulisoma hilo bila kulia.

Na huyo "mke wa Uria" amenifundisha jambo ambalo silioni likihubiriwa. Mathayo angeweza kuandika Bathsheba, au kunyamaza kama alivyonyamaza kuhusu mama wa wafalme wengine. Badala yake ameliweka jina la askari aliyeuawa kwa barua ya mfalme, mtu asiye na tone la damu katika ukoo huo, katikati ya ukoo wa yule aliyemuua. Daudi anaitwa mfalme katika orodha hiyo, wa pekee anayepewa cheo hicho, na katika aya hiyo hiyo anatajwa aliyedhulumiwa naye. Nadhani kila ukoo una Uria wake. Wa kwetu ni mama wa Rombo.

Mfululizo wa "akamzaa" unaendelea hadi kwa Yosefu na hapo unakatika: Yakobo alimzaa Yosefu, mume wake Maria, na kwa Maria alizaliwa Yesu aitwaye Kristo. Yosefu hakumzaa. Alimpokea, akampa jina kama malaika alivyomwagiza, na kwa kumpa jina akamfanya mwana wa Daudi kisheria, hata makutano barabarani wakaweza kumwita hivyo. Ukoo mzima ulioanza na Abrahamu unamfikia Mwokozi kwa njia ya mwanamume aliyekubali kuwa baba wa mtoto asiye wa damu yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa tarehe 8 Desemba 2020 juu ya Mtakatifu Yosefu, alieleza kwamba mtu hawi baba kwa kuleta mtoto duniani tu, anakuwa baba kwa kubeba wajibu wa kumtunza. Katika ukoo wetu kulikuwa na shangazi aliyezalia nyumbani, na mtoto wake alilelewa na babu yake mzaa mama. Daftari la ubatizo linamwonyesha bila jina la baba, kama kanuni ya 877 inavyoelekeza pale ambapo baba hajathibitika, na huko shuleni alitaniwa kwa hilo hadi akaacha masomo. Tulimwandika chini ya babu yake aliyemlea, na jina la mama yake tukaliweka wazi kando yake. Yeye bado yu hai. Aliposomewa sehemu hiyo aliomba kuiona karatasi, akaishika kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaanza kutuuliza maswali juu ya Yosefu ambayo sikuyaweza yote.

Kuhusu fungu la tatu la Mathayo nitasema kwa kifupi, ingawa ndilo ninalolipenda zaidi kadiri ninavyozeeka. Baada ya Zerubabeli yanakuja majina tisa, kuanzia Abiudi hadi Yakobo baba yake Yosefu, ya watu ambao hawapatikani mahali pengine popote katika Biblia. Hawakuwa na kiti cha enzi. Tunachojua ni kwamba waliishi, wakazaa, na ahadi ikapita mikononi mwao. François-Xavier Nguyen Van Thuan, askofu wa Vietnam aliyefungwa miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake, alipoalikwa katika Kwaresima ya mwaka 2000 kuongoza mafungo ya Papa Yohane Paulo II na wasaidizi wake, alianza na orodha hii ya Mathayo, akawaeleza kwamba kwao kitabu cha ukoo huwekwa kwa heshima katika altare ya nyumbani na kwamba yeye anawajua wahenga wake vizazi 14, tangu mwaka 1698 familia yake ilipobatizwa. Niliposoma hayo nilijiona nimempata ndugu wa mbali anayeielewa milima yetu. Na kwa ajili ya hao tisa nilipata ujasiri wa kumwandika mke wa tatu, ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka. Tumemwandika "mke wa" fulani, kama Mathayo alivyoandika, na padre alitueleza kwamba Mungu, aliyemwita Musa kwa jina lake, hana haja ya kukumbushwa na sisi jina la yeyote.

Lazima niseme pia kwamba si kila mtu mwenye bidii ya kuhesabu mababu anatafuta alichokitafuta Mathayo. Mtume Paulo anamwonya Timotheo juu ya watu wanaoshughulika na nasaba zisizo na mwisho, na Yohane Mbatizaji aliwaambia waliojivunia Abrahamu kwamba Mungu aweza kumwinulia Abrahamu watoto kutoka katika mawe. Kwetu majivuno ya ukoo ni jaribu la kweli. Wako wanaochukua majina ya wahenga ili kuwadharau majirani waliohamia juzi. Imani yenyewe ilitufikia kutoka pwani, kutoka misheni ya Bagamoyo iliyofunguliwa mwaka 1868, ambako wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wasioweza kumtaja babu hata mmoja. Kwa hao, ukoo ulianza kwenye maji ya ubatizo, na majina waliyoweza kuyataja yalikuwa ya wasimamizi wao na ya watakatifu wao. Ukizisikiliza Sala ya Ekaristi ya Kwanza na Litania ya Mkesha wa Pasaka kwa masikio hayo, utaona kwamba Kanisa halijaacha kusoma orodha: Lino, Kleto, Klementi, Sisto, Felisita, Perpetua, Agata, Lusia. Hao ni wahenga wa yeyote aliyebatizwa, wa Kichagga na asiye wa Kichagga, mwenye kihamba na asiye nacho.

Kabla ya Misa ile, shemeji yangu mkubwa alikwenda Rombo pamoja na wazee wawili, wakiwa wamebeba isale. Kila Mchagga anajua kwamba anayekuja na jani hilo mkononi amekuja kuomba msamaha, na kwamba ni vigumu sana kumkatalia. Mzee wa nyumba ile alilipokea. Hawakuja wote, mjukuu mmoja wa mama yule alituma ujumbe kwamba bibi yake hahitaji sala za watu waliomfukuza, na sijaona jibu la kumpa, zaidi ya kuendelea kumwombea bibi yake kila Novemba. Waliokuja walikaa nasi safu moja chini ya migomba, na baada ya Misa walionyeshwa makaburi, wakatusahihisha majina mawili ambayo sisi tulikuwa tukiyakosea, na kutupa mengine ya watoto waliokufa wachanga wakiwa njiani au baada ya kufika Rombo, ambayo nimeyaandika yote.

Katika Misa ya Mkesha wa Noeli, Kitabu cha Masomo kinaweka sura ya kwanza yote ya Injili ya Mathayo, kuanzia aya ya 1 hadi ya 25, kisha kinatoa ruhusa ya kusoma sehemu fupi inayoanzia aya ya 18. Ruhusa hiyo hutumika karibu kila mahali, na ninaelewa, kwa kuwa watoto wamechoka na kwaya ina nyimbo nyingi. Ninawaomba mapadre wetu, kwa heshima, waifikirie upya, hasa huku mlimani ambako kanisa siku hiyo limejaa watu waliosafiri siku nzima kurudi kwa ndugu zao, wengine wakiwa hawasemezani. Nasi wa jumuiya, tunaposoma ukoo huo katika sala zetu za Majilio, tumpe kazi hiyo msomaji mapema, afanye mazoezi ya kutamka Aminadabu, Yehoshafati, Shealtieli na Zerubabeli hadi yamkae mdomoni, asiyapunguze wala kuyakimbiza, na akifika aya ya pili na ya kumi na moja awasomee watu "na ndugu zake" kwa sauti ile ile anayosomea jina la Daudi.